Mikono Inayosita

Mgeni akifika Ukunguni haulizwi anajua nini. Anaoneshwa kiti, anavuliwa saa na pete, kisha anaambiwa atie mikono ndani ya bakuli. Humo mna kitu cheupe, vuguvugu, kizito kidogo kuliko maji, nasi wenyeji wa ukumbi tulikiita maziwa. Punde macho yanalegea. Mtu analala akiwa ameketi, na mikono yake inaamka.

Nimetembea sana, lakini ukumbi ule wa asubuhi sijapata kuona mfano wake. Ukungu wa milimani uliingia hadi chini ya viti. Watu wamelala safu kwa safu, vichwa vimeinama, na mikono inafanya kazi peke yake. Huyu anasokota kamba isiyokuwepo. Yule anakanda unga wa nyumba iliyokwisha kufunikwa na bahari. Mama mmoja wa ziwani alipara samaki kwa ustadi hata ungeapa umeyaona magamba yakiruka. Hakuna sauti isipokuwa maziwa kutikisika.

Kazi yangu ilikuwa kushika mabega. Aliyelala asianguke, na akiamka apate mtu wa kumwambia, kwa lugha anayoielewa, bakuli limesema nini. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu lugha niliziokota njiani, kama nilivyoiokota shule: darasa hapa, darasa kule, mengine yakanipita.

Bakuli husoma kumbukumbu iliyo mikononi, si ile ya kichwani. Likishasoma hutaja jina la kazi, na ile kumbukumbu humiminwa kwenye glavu nyembamba za kijivu. Atakayezivaa atafanya kama ulivyofanya wewe, hata kama hajawahi kushika mwiko. Mkono mmoja mzuri wa mkate ulitosha kulisha mji mzima. Nawe, kwa kutoa mikono yako, ulipata kibali cha kukaa. Bakuli lisipokupatia jina, unangoja, na mvua zikiisha unateremshwa Bondeni, kwenye mahema na joto lile ambalo watu walilikimbia.

Ilikuwapo njia nyingine ya kupata kibali. Mkazi wa mji aje mwenyewe, kwa mdomo wake, amwombe mgeni kwa jina. Sheria iliandikwa zamani, bakuli halijakuja. Tangu nifike sikuwahi kuiona ikitumika. Nani atamwomba mtu asiyemjua, na glavu ziko dukani?

Basi asubuhi moja akaja Mwanamkuu binti Shekuwe.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kutoka visiwa vya kaskazini ambavyo sasa ni maji matupu. Ushungi wake ulikuwa msafi kupita wa mtu yeyote aliyetoka safarini. Nikamshika mabega, akalala upesi, kama mtu aliyekuwa akiutafuta usingizi kwa muda mrefu.

Mikono yake ikaanza kwa kuvuta shuka. Shuka haikuwepo, lakini niliiona: iliivuta juu ya kitu, ikaitandaza vizuri, ikaingia chini yake. Ikaosha upande wa kulia kwanza. Ikakandamiza kidogo, polepole, pale ambapo tumbo lingekuwa. Halafu ikasimama. Ikakaa hivyo, viganja vimefunguka, inangoja. Ndipo ikageuza kile kitu kwa upole mwingi na kuanza upande wa kushoto.

Bakuli likasema: mlezi wa watoto wachanga.

Fundi wa bakuli alikuwa kijana mmoja mchangamfu aitwaye Gwamaka, mtoto wa hukohuko milimani, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Akafurahi kupita kiasi. Mwaka ule watoto walizaliwa wengi Ukunguni, na mikono ya kuwatunza ilikuwa haba. Akamsubiri Mwanamkuu aamke, akapiga magoti mbele yake kwa heshima, akamwuliza kule kwao alikuwa akifanya kazi gani.

"Naosha," alisema Mwanamkuu.

"Unaosha nani, mama yangu?"

"Wasioweza kuoga wenyewe."

Gwamaka akacheka kwa furaha, akagonga muhuri.

Sasa, watu wa milimani wanaosha kila kitu. Wanaosha gari, wanaosha viazi, wanaosha mtoto. Lakini mimi nimekaa pwani, na pwani mtoto huogeshwa. Anayeoshwa ni mtu ambaye hatalia tena. Ile shuka niliijua, na ule upande wa kulia niliujua, maana nimesimama nje ya mlango katika bandari nyingi, nikipokea ndoo tupu na kurudisha zilizojaa, wakati wenzangu wakiwatengeneza waliofariki.

Bakuli halikudanganya. Lilifundishwa na mikono ya Ukunguni, na Ukunguni maiti hashikwi. Akifariki mtu, mkanda wa chuma humbeba hadi nyumba ya baridi chini ya kilima, na kutoka pale huenda kwenye udongo wa mashamba ya maua. Ni safi, hakuna usumbufu. Kwa hiyo bakuli halikuwa na jina la mwosha. Lilipokutana na kazi lisiyoijua, lilichukua jina la jirani yake wa karibu.

Mwanamkuu akainua macho akanitazama. Akaona kwamba nimejua. 

* * *

Jioni nilimkuta nje, kwenye nyavu. Mji ule wote hunywa ukungu: nyavu ndefu zimesimama mlimani, ukungu hupita ndani yake na kuacha matone, matone hushuka kwenye mifereji. Ukikaa pale kimya husikia mlima mzima ukidondoka. Alikuwa amekinga kiganja chini ya wavu, anatazama kikijaa.

Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kusema ya watu. Akajibu kwamba hakudanganya. Nikakubali, hakudanganya, alijibu alichoulizwa. Tukacheka kidogo, wote wawili, kama watu walioiba embe moja.

Akanieleza, bila kulia. Aliifanya kazi ile tangu alipokuwa mke kijana, akirithi kwa mama mkwe. Zamani walikuwa wakimwita mara chache, wakampa kahawa, akarudi kwake. Kisha bahari ikaanza kupanda. Mwanzo alikuwa na maji matamu ya kuoshea. Yakapungua, akatumia ya chumvi. Mwisho hata wakati wa kuchota haukuwepo, akawapangusa kwa mchanga. Majirani, mashoga zake, watoto wa mashoga zake. Na binti yake. Hapo akamwaga maji ya kiganjani, akakinga tena.

"Miaka yote nimeosha walionyamaza," akasema. "Nataka anayelia, mzee wangu. Hata akinilowesha."

Nikamwambia basi na iwe hivyo. Aliyekosea ni bakuli, nalo halina roho ya kuumia.

* * *

Nyumba ya Wachanga ilikuwa ukumbi mpana wenye paa la kioo, na ukungu ulilala juu ya kioo kile kama paka. Msimamizi wake alikuwa Mama Tusekile, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hata akigomba utadhani anabembeleza. Nilikwenda pale mara kwa mara, kwa kisingizio cha kutafsiri. Mwanamkuu alisema Kiswahili fasaha kuliko sisi wote, lakini hakuna aliyenifukuza.

Siku glavu zilipovaliwa mara ya kwanza, walezi walisimama kwenye mabeseni yao, wakaanza. Kila jozi ya glavu ikatafuta kwanza kitambaa, ikamfunika mtoto, ikaingia chini yake kumsafisha bila kumfunua. Wasichana wakacheka hadi wakashikana. Mmoja wao, Subilaga, mwenye ulimi mwepesi, akasema glavu za bibi wa pwani zina haya, huenda zikikutana na mwanamume zitakimbia.

Lakini kicheko kiliisha chenyewe. Watoto walikuwa wametulia. Si kwamba wamelala. Walikuwa macho, wanatazama juu, kwenye kile kioo cheupe, kama watu wanaosikiliza. Na kila baada ya upande wa kulia, mikono yote ya ukumbi ule ilisimama pamoja, viganja wazi, ikangoja. Halafu ikageuza. Ukumbi mzima ukawa unavuta pumzi na kushusha pumzi, kama kitu kimoja.

Kina mama wakaanza kuja kutazama tu. Aliyezidi alikuwa Bupe, mama kijana mwenye mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliyekuwa mlizi wa kupindukia hadi siku alipowekwa kwenye mikono ile. Alikuwa akikaa karibu na Mwanamkuu na kumletea viazi vya kuchoma. Alimwita shangazi.

Na Mwanamkuu? Alipewa kiti. Hilo hatukuwa tumelifikiria, yeye wala mimi. Mikono ikishamiminwa, mwenye nayo hana tena haja ya kugusa. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiwasikiliza watoto. Wakilia, uso wake ulifunguka. Nikamwuliza siku moja kama ameridhika. Akasema yuko karibu na moto, japo hauoti. Niliona yatosha. Wangapi wako Bondeni.

Aliyeleta mambo ni Gwamaka, na hakuwa na nia mbaya. Alikuja na kifaa chake, akapima, akagundua kwamba glavu zinapoteza muda. Kila kabla ya kugeuza zinasita. Akaiita hali hiyo kigugumizi cha mikono, akasema huenda bibi aliwahi kuumia kifundo. Jambo dogo, linakwanguliwa kwenye kumbukumbu ya glavu, na watoto wangapi zaidi wataoga kwa siku. Akakwangua jozi moja pale pale, akampa Subilaga avae.

Glavu zikafunika, zikasafisha kulia, zikageuza. Hakuna kilichotokea. Mtoto hakuumia, hakuanguka, alishangaa tu kidogo. Lakini Mwanamkuu alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, kama mtu aliyepigwa.

Gwamaka akasema kesho atamaliza zilizobaki.

* * *

Nilimsihi Mwanamkuu. Sitaficha hilo. Tulikuwa tena kwenye nyavu, ukungu mzito hata sauti zetu zilionekana kutoka kwa watu wengine. Nikamwambia aache wakwangue, ni kusita tu, pumzi moja. Akiwaeleza kusita kule ni nini, itabidi awaeleze na mikono ile ilikuwa ya nani. Kibali kilichotolewa kwa jina lisilo lake kitafutwa. Mvua ziko mwishoni. Bondeni hakuna ukungu wala watoto, kuna vumbi na foleni.

Akaniuliza kama najua mwosha anafanya nini pale anaposimama. Nikasema sijui, mimi nilikuwa mlangoni.

"Anaomba," akasema. "Mtu hawezi kusema mnigeuze au msinigeuze. Kwa hiyo unamwambia: nakugeuza sasa, mwenzangu, niwie radhi. Unangoja, kama vile angeweza kukataa. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mengine yote ni maji."

Nikamwambia maiti hajawahi kukataa.

Akasema ndiyo, hajawahi. Na binti yake hakukataa. Alimngojea kuliko wote.

Kuna maneno mtu akiyasikia hana la kuongeza. Lakini mimi ni mbishi, nikaongeza. Nikasema watoto wale wako hai, wana mama zao wa kuwaombea radhi, na yeye atakuwa amejitupa bure kwa ajili ya pumzi moja. Hakukasirika. Aliufunga ushungi wake vizuri, akasema kwamba wakikwangua ile pumzi, kilichobaki kwenye glavu ni mikono ya mtu anayepindua mizigo. Nayo itabeba jina lake, mji mzima. Hilo hataki kulisikia hata akiwa Bondeni.

Asubuhi akasema.

Alisema akiwa amesimama karibu na kiti chake, kwa sauti ya kawaida, Gwamaka na kifaa chake mkononi, Mama Tusekile mlangoni, walezi kwenye mabeseni, kina mama ukutani. Aliwaambia bakuli halikukosea mikono, lilikosea jina. Akawaambia tofauti ya kuosha na kuogesha. Akawaambia ile shuka ni ya nini, na kule kusita ni kwa nini, na kwamba wamkwangue yeye wakitaka, ila kusita kule wakuache.

 Mlezi mmoja akavua glavu haraka, moja ikaanguka majini.  Na Bupe akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akamtoa mwanawe akiwa bado anachuruzika, akamfunga kwenye kanga, akapita mbele ya Mwanamkuu bila kumtazama. Mtoto akaanza kulia kabla hawajafika mlangoni. Tulimsikia hadi barabarani.

Wengine wakamfuata. Sikuwalaumu. Mama hupewa mtoto mmoja mmoja, na mikono ile ilikuwa imepitia watu wengi.

Gwamaka alikuwa amekaa sakafuni. Alimwuliza Mwanamkuu, polepole sana kwa mtu kama yeye, mbona hakusema siku ile. Mwanamkuu akamwambia, "Ulifurahi, mwanangu. Nilikuwa sijamwona mtu akifurahi kwa kuiona mikono yangu."

Kijana akafunika uso.

Mama Tusekile alifanya kilichompasa. Glavu zikafungiwa kabatini, hazikukwanguliwa wala hazikuvaliwa. Kibali cha Mwanamkuu kikafutwa. Gari la Bondeni lingeteremka siku ileile mvua zitakapokoma, na mvua zilikuwa zimebaki za kunyunyiza tu.

* * *

Siku ya gari, ukungu ulikuwa mwembamba, jua limekaa nyuma yake kama taa nyuma ya pazia. Maua ya mashambani yalikuwa yamefunguka yote, yale mashamba yanayolishwa na waliofariki. Mwanamkuu aliyatazama akaniuliza kama watu wa mji huwa wanajua ni nani amelala wapi. Nikasema hawajui. Akatikisa kichwa.

Nilikuwa nimembebea mzigo wake, nao haukuwa mzigo, ni kifurushi. Gwamaka alikuwepo pia, kasimama pembeni bila kazi. Wageni wengine walikuwa wamekwisha kupanda. Dereva akawasha.

Bupe alitokea kwenye ukungu akitembea haraka, mtoto begani analia, naye mwenyewe ana sura ya mtu asiyelala. Hakusalimia. Alimwendea Mwanamkuu akasimama mbele yake.

Akasema kwamba mama yake alifariki wakati wa baridi. Alimwona akiwekwa kwenye mkanda wa chuma, kichwa kikagonga pembe, na mkanda ukaenda. Alikuwa amelisahau. Tangu asubuhi ile halimtoki.

"Hakuna aliyemwuliza," alisema Bupe. "Mama yangu hakuna aliyemwuliza kitu."

Mwanamkuu akamwambia pole, mwanangu.

Bupe akageuka kwa Gwamaka, maana pale ndiye aliyekuwa mtu wa serikali, akasema kwa sauti ya kusikika hadi garini kwamba yeye, mkazi wa Ukunguni, anamwomba Mwanamkuu binti Shekuwe, kwa jina. Gwamaka akaduwaa. Ilibidi nimkumbushe kwamba sheria hiyo ipo. Akapapasa mifuko akitafuta muhuri, akakumbuka kwamba njia hii haina muhuri, inatosha mdomo. Akamwuliza Bupe anataka apewe jozi ngapi za glavu.

"Glavu sitaki," Bupe akasema. "Nimekuja kuiomba mikono."

Nyumba ya Bupe haikuwa mbali. Tuliingia wote, hata Gwamaka, aliyeteka maji bila kutumwa. Beseni likawekwa mezani, mvuke ukapanda ukachanganyika na ukungu wa dirishani. Mwanamkuu akakunja mikono ya gauni.   Akamfunika mtoto kitambaa. Akamsafisha upande wa kulia, mkono chini ya kitambaa, na nikaona uso wake pale mkono ulipokutana na joto la mwili ule. Alifumba macho.

Kisha akasimama, viganja wazi.

"Nakugeuza sasa, mwenzangu," akamwambia. "Niwie radhi."

Mtoto akakunja uso, akarusha miguu, akapiga ukelele wa kukataa uliotikisa madirisha.

Bupe alitaka kusogea, nikamzuia. Maana Mwanamkuu hakuondoa mikono, wala hakumgeuza. Miaka yote ile aliuliza, na hii ilikuwa mara ya kwanza kujibiwa. Machozi yalimshuka akayaacha yadondokee majini, na akangoja, akangoja hadi mtoto alipomaliza hasira zake, akanyamaza kwa hiari yake, akamtazama.

"Haya," akasema, na akalitafuta neno kidogo, kama mtu anayevaa nguo mpya. "Nakuogesha."